Gawio la Bi Insiya

Ndani ya gari la kutoka Wete, Bi Insiya, mwalimu mstaafu, alimwambia abiria wa pembeni yake, mfanyabiashara aitwaye Altaf, kwamba soko limeyumba na kampuni yenye hisa zake imekata gawio kwa nusu.

“Mikarafuu yangu nilikuwa nikiikodisha,” alisema. “Mkodi ananilipa kabla haijachanua. Mvua ikiharibu, shauri yake. Nikaiuza, nikanunua hisa.”

“Basi sasa mkodi ni wewe, Bi. Mvua ikiharibu, imekuharibia wewe.”

Mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao sijawahi kusikia hisa zikielezwa vizuri zaidi, ila maelezo yalichelewa miaka minne.

“Ungenambia kabla sijauza!”

“Hisa usiziuze lakini. Bei iko chini. Subiri miaka miwili.”

“Gawio lile ndiyo safari yetu ya Hija. Mume wangu macho yanakwenda. Daktari kasema hayamalizi mwaka. Bei ikipanda, utampeleka wewe akaipapase Kaaba?”

Gari lilisimama Chake Chake.

“Wakala wa hisa anafunga saa ngapi?” aliuliza Bi Insiya.

“Saa tisa. Lakini usiende, Bi.”

Alikuwa keshashuka.