Jina Alilopewa Mwalimu Violeth

Gari lilikuwa halijatoka vizuri Kahama, na Mwalimu Violeth, mwaka wa tatu kazini, alishajuta kumwambia jirani yake wa kiti kwamba ameacha darasa la hesabu akaenda kufundisha viziwi.

“Mwalimu, ulimkosea nani ofisini?” aliuliza Thobias, mnunuzi wa dhahabu mwenye kitambi cha kutosha watu wawili.

“Niliomba mwenyewe.”

“Uliomba! Mayu wee,” alimaka kwa Kisukuma, kama anayemwita mama yake, “umerogwa.”

Violeth akacheka. Akamweleza kwamba watoto wale humtazama mtu mara moja tu, kisha wakampa jina la ishara, bila adabu hata kidogo. Yeye jina lake ni kugusa pua na kupanua vidole. Mkuu wa shule ni kupapasa upara.

“Wewe wangekuita hivi,” alisema, akachora tumbo kubwa hewani. Gari zima likacheka. Thobias akanuna kilomita kadhaa.

“Binti yangu ana miaka tisa,” alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. “Hasikii. Nyumbani tunamwita kwa kumtupia kokoto.”

“Na yeye anakuitaje?”

Gari likasimama Masumbwe, abiria wakashuka. Thobias alibaki kitini, akikitazama kitambi chake.