Rosaline Wahu Agombea Tena Kiminini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi nasi, mingi yake katika maabara yetu ya mbegu, Bi. Rosaline Wahu anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2008. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu tumekaa meza moja tangu 1994. Sina hakika kwamba mimi ndiye niliyefaa. Kuna jambo moja juu yake ambalo sijalielewa mpaka leo, na nitalieleza hapa jinsi lilivyotokea.

Aliajiriwa mwaka wa 1977 katika ghala letu la Kanduyi, akahamishiwa maabara ya Kitale mwaka wa 1985. Kazi yake ilikuwa kuotesha punje mia nne za kila mbegu iliyoletwa kupimwa na kuhesabu zilizochipuka. Hakukadiria hata siku moja. Mwaka wa 1996, mfanyabiashara wa Tongaren ambaye mbegu zake zilikuwa zimeanguka mtihani alimletea jogoo ili azihesabu upya kwa jicho la huruma. Mama Muchiri, kama tunavyomwita, alimfunga jogoo kwenye mguu wa meza, akamkalisha bwana yule na kumwonyesha punje zilizooza, moja baada ya nyingine. Walipofika ya tisini, bwana akasema, "Basi mama, nipe kuku yangu niende."

Kwake Kiminini, wazazi walimchagua mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi mwaka wa 2003, elimu ilipofanywa ya bure na watoto wakafurika. Kazi hiyo haina mshahara. Ina lawama. Jumamosi nyingi alizimaliza akibishana na mafundi, na Jumatatu alifika hapa sauti imemkauka.

Kisha ikaja Januari ya mwaka huu, na vurugu za kikabila za baada ya uchaguzi. Nyumba yake ilichomwa mchana, yeye na mjukuu wake wakiwa wamejificha kanisani. Majirani aliowatumikia miaka mitano walibaki ndani ya nyumba zao. Siku ya tatu alikuja kazini amevaa viatu vya Joan wa mapokezi, akaomba trei zake za kuoteshea mbegu. Alikaa kwa Joan hadi Aprili, halafu akarudi kwenye kiwanja chake na kujenga chumba kimoja cha mabati.

Mwezi wa Mei, tukinywa chai ya saa nne, akatuambia kwamba wazazi watakutana tarehe 7 Juni kuchagua kamati, naye anagombea tena. Tulitazamana. Chelimo wa stoo alidhani anataka kuwaaibisha majirani. Joan alidhani anatafuta usalama. Mimi nilimuuliza waziwazi.

"Darasa la sita halina madirisha, Ian," akanijibu.

Nikamwambia hilo si jibu.

"Najua," akasema, akaosha kikombe chake.

Siku ya uchaguzi nilimsindikiza hadi shuleni. Wazazi walijaa uwanjani. Kabla ya kura, jirani yake, Bi. Nanyama, akasimama. "Mama Muchiri, wengine wetu hata kukuangalia tunashindwa. Sasa unataka nini kwetu?"

Mama Muchiri aliwageukia wazazi wote.

"Sijui vizuri," akasema. "Kuna wiki nafikiri nimewasamehe. Wiki nyingine nikisikia sauti zenu njiani, nafunga mlango. Lakini kamati ikiitwa, lazima mimi nije, na nyinyi lazima mje. Sina njia nyingine ya kukaa na nyinyi."

Kura ilikuwa ya kupanga laini, kila mzazi akisimama nyuma ya anayemtaka. Nyuma ya mpinzani wake, Bw. Kimeli, mtu mpole, laini ilirefuka mara moja. Nyuma ya Mama Muchiri hapakuwa na mtu. Nilitamani kwenda kusimama pale mwenyewe, ila mimi si mzazi wa shule hiyo. Kisha Bi. Nanyama akaja. Wakafuata wengine, wakitazama chini. Akaja pia mwanamume mmoja ambaye, kwa minong'ono ya pale, alionekana na jerikeni siku ile nyumba ilipoungua. Mama Muchiri aligeuka, akamwona. Nilifikiri atamfukuza. Akatazama mbele tena, na mwanamume yule akabaki kwenye laini. Walihesabiwa sabini na wawili kwake, hamsini na wanane kwa Bw. Kimeli.

Tukirudi Kitale nilimuuliza kama amefurahi. Akasema hajui. Nami sijui nilichokiona, wala kama ningeweza kukifanya. Nimeandika aya hii mara nne nikitafuta sababu iliyo safi, na kila niliyoipata imekataa kusimama.

Mama Muchiri, asante kwa kutufundisha kutazama kila punje kabla ya kusema imekufa. Maabara nzima inakuombea afya, paa zuri, na maisha mema huko Kiminini. Na siku utakayoita kikao, tunakutakia waje wote.

Ian Mukhwana,
Maabara, Kitale