Uzi Uliotawala

Benchi letu liko uwanjani, katika mji wetu wa wafumaji wa Borås, mbele ya kibanda cha kahawa, na wanaolikalia ni walewale: Sixten, tunayemwita Mpaka kwa kuwa aliendesha lori la kuvuka kwenda Norwe miaka ishirini, Ingvar, fundi mstaafu wa mashine za kufuma, tunamwita Profesa na shule hakumaliza, na mimi, mshona mapazia. Jumanne asubuhi akaja Gunnel, mfumaji jirani yetu, macho mekundu, barua mkononi. Robota lake la kitambaa cha nusu-kitani, nyuzi za pamba zimesimama na za kitani zimelala, limezuiwa forodhani Norwe. Kwenye fomu aliandika “nusu kwa nusu”, maana ndivyo tunavyokiita kitambaa hicho tangu enzi za bibi zetu. Forodha wakamjibu: mchanganyiko huhesabiwa kwa uzi mmoja, taja uzi uliotawala. Hoteli ya Bergen, huko Norwe, isipopata mzigo Ijumaa inavunja oda ya mwaka mzima, naye atauza mashine zake mbili.

— Andika pamba, akasema Mpaka. Nyuzi zake ndizo nyingi. Wengi wape!

— Wewe ulibeba vitambaa, hukuvifuma, Profesa akamkata. Kitani ndicho kinachotawala. Wafalme walilalia nini?

— Sasa forodha na wafalme wapi na wapi?

— Wanorwe wana mfalme, ndugu yangu. Lazima waulize.

— Mimi nawajua wale. Afisa hutazama upande wa chini tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo methali inaingiaje hapa?

— Inaingia kwa kuinama!

— Basi watakilowesha kitambaa, akasema Profesa. Kikinuka nyasi, kitani. Kikinuka shati, pamba.

— Kikinuka vyote?

— Hapo anaitwa askofu.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Gunnel hakucheka.

— Jamani, miaka thelathini nafuma. Niuze mashine kwa sababu ya neno moja?

Birgit, aliyenunua kibanda wiki ile, alikuwa anatumiminia kahawa.

— Samahanini, mimi mgeni. Uzi upi mzito?

Maisha yetu yote tunapima urefu na upana. Kupima uzito wa kila uzi peke yake, nani alishawahi? Birgit akachukua barua, akaigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo: kutawala ni kwa uzito.

— Hamkusoma nyuma?

Aibu iliyotushika, wacha tu. Tukafumua palepale sampuli ya kitambaa aliyokuwa nayo Gunnel mkobani, pamba huku, kitani kule, wazee wazima tunagombania ncha za nyuzi. Birgit akaleta mizani anayopimia kahawa. Pamba, gramu nane. Kitani, kumi na tatu.

Gunnel akapiga simu. Akasema, “Kitani.” Akasikiliza. Alipokata simu machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka.

— Nikituma fomu mpya sasa hivi, wanauachia mzigo leo.

— Ee, afadhali! Kaa basi unywe kahawa, nikamwambia.

Alikwishasimama, anafunga koti.

— Baadaye, dada. Oda ya mwaka haijifumi yenyewe.