Santuri Kumi na Mbili za Bedan

Benchi la Swaleh muuza kahawa, pale kona ya soko la Ruiru, lilikuwa na miguu mitatu na jiwe moja, na waliolikalia hawakuwahi kukubaliana hata kama mvua imenyesha. Januari ile ya 1958, jua likiwaka kweli kweli, Bedan alifika na boksi la santuri thelathini na gitaa mgongoni. Wimbo ni wake, sauti ni yake, na hakuna kampuni iliyomsimamia. Aliuza baiskeli ndipo zikachapwa Nairobi. Jumamosi angepeleka kumi na mbili Thika, kwa mama mmoja mwenye hoteli za chai zenye gramafoni. Zikimpendeza, Bedan ni mwanamuziki. Zisipompendeza, basi, ni karani wa kahawa anayekwenda kazini kwa miguu.

— Sasa utazitoa aje? aliuliza Spana, fundi wa baiskeli.

— Ndio nimekuja kuwauliza nyinyi.

Hapo ndipo alipokosea.

— Toa nje zionekane! Kitu inang'aa hivi unafungia kwa boksi? Basi ya Thika ikipita, watu watashuka wenyewe.

Bedan hajasema kitu, Spana amekwishazipanga zile za Thika kwenye ukuta wa mabati. Zilimetameta. Bedan akaliona jina lake mara kumi na mbili, akasahau kukataa.

— Huo ni ushamba, alisema Simeon, aliyeitwa Gazeti kwa kujua habari kabla hazijatokea. Ficha! Mimi nitasema serikali imezipiga marufuku. Kesho kijiji chote cha Gatongora kinazitafuta.

— Hali ya Hatari hii, si watanitafuta mimi kwanza?

— Ukifungwa itauza zaidi.

— Haiya! Fungwa wewe!

Swaleh akamimina kahawa.

— Wacheni mchezo. Wimbo upigwe harusini. Mtu akishiba pilau hakatai kitu.

— Harusi ni watu wangapi? Gazeti akamkata. Si ndege ilimwaga makaratasi ya serikali kwa wapiganaji kule msituni? Imwage na ya Bedan, kutoka hapa mpaka Kalimoni!

— Kwani rubani unamjua? Swaleh akauliza.

— Namjua anayemfulia nguo.

Walikuwa bado wanabishana ndege itapita saa ngapi, Ngendo akatokea sokoni na kikapu. Alikuwa yaya katika nyumba ya Mzungu, shamba la kahawa. Alisimama mbele ya mabati, akashika kiuno.

— Ngai! Nani ameanika santuri juani?

Aligusa moja kwa kidole.

— Yule memsab wangu, na anavyotunza santuri zake, akiona hivi atazirai. Hii kitu inalainika kama mshumaa!

Bedan aliruka. Ya kwanza ilikuwa imekunjika kama sahani ya supu. Ya pili vilevile. Zote. Spana alitazama viatu vyake. Machozi yalimlengalenga Bedan, mwanamume mzima, na hakujali nani anamwona. Aliikumbuka baiskeli yake, hata kengele yake.

— Pole sana, ndugu yangu, alisema Ngendo. Na mimi ningependa kusikia. Huo wimbo unaendaje?

Spana akamtazama Gazeti. Gazeti akamtazama Swaleh, Swaleh akatazama birika. Tangu asubuhi walikuwa wameutangaza, wameufungia na kuurusha kwa ndege, na hakuna aliyekuwa ameuliza unaendaje.

Bedan alivuta gitaa. Aliimba juu ya mama yake kwenye foleni ya kupima kahawa, mgongo umepinda, akimwimbia mtoto aliyembeba. Wanawake waliotoka kuchuma wakatua mizigo. Mmoja akaanza kuitikia. Swaleh alihesabu watu kwa wasiwasi, maana mkutano bila ruhusa ulikuwa kesi, kisha akaacha kuhesabu.

Wimbo ulipokwisha, Ngendo alijifuta macho kwa ncha ya leso.

— Zimebaki ngapi nzima?

— Kumi na nane, ndani ya boksi.

— Basi Thika utakwenda.

Gazeti alivua koti lake, lile la Jumapili, akalifunika boksi vizuri, kisha akasimama upande wa jua.