Kondoo Sitini wa Ghorofa ya Nne

Macho hayana pazia, na masikio ya Seyfi dereva hayakuwa hata na mlango. Gari la abiria lilipotoka mji wa Kangal kwenda mji wa Sivas, alisikia kila kitu.

"Huyo ni mbwa wa kulinda kondoo," mama mwenye ushungi wa maua alimwambia Tuncay, abiria aliyepakata kitoto cha mbwa kinene kama mto wa kochi. "Aliyekuuzia hakuuliza kama unafuga?"

Tuncay akacheka. "Aliuliza, mama! Hawa watu hawamuuzii mbwa mtu asiye na zizi. Nikamwambia ninao kondoo sitini."

Seyfi akakohoa. Alimfahamu vizuri yule mama.

"Na wako wapi?"

"Kondoo gani, mama? Mimi nakaa ghorofa ya nne! Nina mke, watoto watatu na mama mkwe. Atawalinda hao."

"Hata mama mkwe?"

"Ah, huyo ndiye mbwa mwitu mwenyewe!"

Seyfi akakohoa tena, mpaka akatokwa na machozi. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Gari likafika Sivas, likasimama mbele ya jengo la ghorofa. Tuncay akashuka na mbwa wake, na mama naye akashuka.

"Kumbe na wewe unaishia hapa, mama?"

"Hapa hapa, mwanangu. Huyo aliyekuuzia ni kaka yangu. Kanituma nikawaone hao kondoo sitini."

Hapo hapo sauti ya mwanamke mzee ikanguruma kutoka dirisha la ghorofa ya nne: "Wewe Tuncay! Umetuletea nini tena?"

Mama akainua macho taratibu. "Haya, mbwa mwitu nimeshamwona. Kondoo wako wapi?"