Mama Pamba na Sungura wa Vifungo Sita

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusafisha midoli ya watu, Mama Pamba anastaafu. Jina lake la kwenye vyeti lipo, ila hapa karakanani hakuna anayelitumia, hata mhasibu. Tulimwita hivyo kwa sababu ya njiti za pamba ambazo hazikosekani mfukoni mwake, na siku za kazi nyingi, hata kwenye nywele.

Alikuja akiwa mama wa watoto wawili, akapewa meza ya dirishani. Kazi yake ilikuwa midoli ya zamani iliyopakwa rangi kwa mkono, ile ambayo mtu aliagiza ifanane na mtoto wake au aliipamba mwenyewe. Mpira wa midoli hiyo ukizeeka hunata, vumbi nalo hung'ang'ania hapo hapo. Wengi walituletea ikiwa nyeusi tii.

Mwaka wa kwanza aliteleza. Alifuta mdoli mmoja kwa spiriti, nyusi moja ikaondoka na kitambaa. Mimi ndiye fundi rangi. Angeweza kuniomba niichore tena kimyakimya. Hakufanya hivyo. Aliufunga mdoli kwenye karatasi, akaupeleka kwa bibi mwenye mdoli na kukiri kosa. Bibi yule aliutazama, akaangua kicheko: "Sasa anaonekana kama kasikia umbea!" Akakataa katakata nyusi kurudishwa. Tangu siku hiyo Mama Pamba hakugusa spiriti tena. Alitumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, akijaribu kwanza chini ya unyayo na kusubiri hadi kesho yake.

Alikuwa na pua ya ajabu. Alinusa mdoli na kutangaza, "Huyu kalala jikoni miaka kumi," na kweli, unato ulikuwa wa mafuta ya kupikia. Aliongea na midoli pia. Mara ngapi nimegeuka nikidhani ananiita mimi, kumbe anamwambia mwanasesere, "Tulia, mwanangu, bado sikio moja."

Lakini nikiulizwa nitamkumbuka kwa lipi, nitamtaja sungura.

Mwalimu mmoja aliyekwisha kustaafu alituletea sungura wa mpira mwenye koti la buluu. Baba yake alimpaka rangi siku mwalimu huyo, akiwa binti mdogo, alipotimiza miaka sita, akamchorea vifungo sita. Baba alikuwa ameshafariki, na huko alikopita kwanza mama wa watu aliambiwa amtupe. Sungura alinata kama jamu. Meneja wetu wa wakati ule alitaka nimkwangue na kumpaka upya, kwani mteja alikuwa anamfuata Ijumaa. Nami, nikiri leo, nilishakoroga rangi.

Mama Pamba alimchukua mezani kwangu bila kuomba. "Mkimpaka upya mtampa sungura wenu," alisema. "Yeye kaleta wa baba yake." Meneja akafoka. Mama Pamba akaenda mwenyewe kwenye simu, akamwomba mteja siku tisa zaidi, akapewa.

Siku ya saba alituita sote. Kifungo cha sita kilikuwa kimetokea chini ya uchafu, na juu yake alama ya kidole gumba, mistari yote ikionekana. Baba alikuwa amemshika kabla rangi haijakauka. Meneja alivaa miwani, akainama muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole nikamwage ile rangi.

Mwalimu alipofika, Mama Pamba alimwonyesha tu kifungo. Yule mama aliweka kidole gumba chake pale, kikaenea na nafasi ikabaki. "Alikuwa na mikono mikubwa," alisema, akaketi. Tulimwacha akae alivyotaka. Nami tangu hapo sikorogi rangi kabla ya kumuuliza Mama Pamba.

Sasa anakwenda kuishi na mdogo wake, fundi cherehani, na wajukuu wanne ambao, twasikia, wana vichezeo vichafu mno.

Mama Pamba, asante kwa subira yako, kwa ukali wako, na kwa kutufundisha kuangalia kabla ya kufuta. Tunakuombea afya, usingizi mnono na uzee wa raha. Na ukikuta vumbi huko nyumbani, dada yetu, hebu liache likae. Umefanya kazi ya kutosha.