Ayuma Amchague Nani?

Treni ya jioni haikuwa imetoka mjini vizuri, na mzee wa koti la reli alikuwa ameshadandia hadithi ya jaridani aliyokuwa akisoma msichana wa kando yake. Hawakujuana. "Huyu Ayuma anachezea vijana wa watu," alilalamika. "Amchukue Luseno, ana kazi. Aachane na huyo Phares wa gitaa."

"Lakini mzee, Ayuma yuko fomu tatu," msichana alisema, akichungulia dirishani kwa mara nyingine, kama anayeogopa kufika. "Na hakuwaita. Walikuja tu."

"Hadithi lazima iishe. Achague mmoja!"

"Ama awaache wote?"

"Hiyo sasa si hadithi," mzee alikataa, na mimi niliyesimama kando ya kiti chao nikatikisa kichwa kukubali, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Treni ikasimama stesheni ya Makadara. "Si ulisema unashuka hapa?" mzee aliuliza. Msichana hakuinuka. Nje, vijana wawili walisimama langoni, kila mmoja upande wake, wakikagua madirisha yetu moja moja. Msichana akainamia jarida mpaka uso ukapotea. Mzee akawatazama wale vijana, akamtazama yeye, kisha akakunjua gazeti lake lote na kuziba dirisha.